Kina cha Kesho: Goti

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Mkuu wa Kituo ametuita ofisini kwake kabla hata sijavua koti. (Koti jipya. Mikono yake imenifunika vidole. Fundi cherehani wa siku hizi hajui kupima.) Tuliitwa watu wawili tu, kwa sababu kituo chetu kina vitengo viwili: mimi wa maji ya mto, na Bi Mawingu wa utabiri wa mvua.

Mkuu akasema makao makuu yanamleta mtathmini. Atakaa wiki nzima, na atapima jinsi taarifa zetu za kisayansi zinavyowafaa wananchi. Hataangalia uzuri wa michoro wala wingi wa karatasi. Anataka kujua zinamfaa nani, na kwa lipi. Kitengo kitakachoonekana hakimfai mtu kitafungwa, na mwenye kitengo atahamishiwa stoo ya chini ya ngazi kulinda vyombo vibovu.

Stoo! Miaka yote hii ya kulowa kwa ajili ya taifa, halafu stoo!

Nikamtazama Bi Mawingu. Alikuwa anatabasamu. Mtu anayetabasamu habari kama hiyo ikitolewa ana lake jambo.

Naandika hapa kazi yangu ilivyo, ili nikipatwa na lolote dunia ijue nilikuwa nani. Daraja letu lilisombwa na mafuriko, na nguzo ya kupimia maji ikasombwa nalo. Sasa watu huvuka mto kwa miguu, kwenye kivuko cha mawe. Nguzo mpya imeombwa, haijaja. Kwa hiyo nguzo ni mimi. Kila jioni naenda kwenye kona ya mto huko juu, navua viatu, naingia majini na kusimama wima. Maji ya pale jioni ndiyo yanayofika kivukoni asubuhi. Kisha narudi kuandika kwenye ubao ulio nje ya kituo, KINA CHA KESHO, na chini yake neno moja kati ya matano: KIFUNDO, GOTI, PAJA, KIUNO au KIFUA. Ni agizo la makao makuu, kwamba mwananchi aelezwe kwa lugha anayoielewa. Na kila mwananchi ana goti. Sayansi safi kabisa.

Bi Mawingu yeye ana redio. Kila asubuhi sauti yake nyororo inaahidi jua na manyunyu hapa na pale. Hapa wapi? Pale wapi? Hakuna anayemuuliza. Tena ni mrefu. Sina neno na urefu wa mtu, mimi mwenyewe nina kimo cha kawaida, lakini nani huweka chaki kwenye rafu ya juu kabisa? Leo tena nimepanda kiti. Na kiti chenyewe kimeanza kulegea mguu mmoja. Nani kaulegeza?

Jioni: PAJA. Mvua ilininyeshea njia nzima. Redio ilikuwa imesema jua.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza uchunguzi. Asubuhi nilijibanza nyuma ya pazia la dirisha kuhesabu wasomaji wa ubao wangu, ili nimpe mtathmini ushahidi.

Aibu tupu! Hakuna anayesimama. Hakuna anayesoma kwa heshima. Mtu anapita, anatupa jicho, anaendelea na safari yake. Kuna fundi viatu anayekaa chini ya ubao na sindano zake. Huyo nimemtilia shaka tangu zamani, kwa sababu anacheka peke yake. Leo muuza mboga mmoja alimuuliza ubao unasemaje, maana hakuwa na miwani. Fundi akamjibu: paja, shusha moja. Yule mama akaitikia kama mtu aliyeelewa kila kitu, akakunja gauni kidogo, akaenda zake.

Shusha moja! Moja nini? Nikakaza sikio. Akapita nesi wa zahanati, naye akamwambia mwenzake vilevile. Akapita mwalimu mkuu wa shule ya ng'ambo, mtu mzima, mtu wa tai, akautazama ubao na kunong'ona, tena peke yake: shusha moja.

Ni neno la siri. Hakuna maelezo mengine. Wamepangwa, na aliyewapanga anajulikana. Wanataka kumshusha mmoja kati yetu wawili hadi stoo, na hawezi kuwa yule mwenye redio.

Nyumbani nilimweleza mke wangu. Aligeukia jiko ghafla, mabega yakimtikisika. Masikini, ananililia. Nilipomwambia asihuzunike akasema, bado amenipa mgongo, kwamba hana huzuni, ila mume wangu hebu siku moja nenda kajiangalie kwenye kioo.

Nikaenda. Kioo chetu alikitundika mwenyewe tulipohamia, na kutoka pale chini naona kuanzia nyusi kwenda juu. Paji la uso halina tatizo lolote. Sijui alitaka nione nini.

Jioni: PAJA tena.

Jumatano, 5 Machi

Mtathmini amefika! Nilitarajia mzee mwenye mkoba. Kumbe ni binti, mpole, ana kalamu nyuma ya sikio na macho yanayotulia juu ya mtu hadi mtu ajikune.

Alianza na Bi Mawingu. Walicheka mara mbili. Nilisikia kupitia ukutani.

Kisha akaja kwangu, akauliza nani anautumia ubao. Nikasema wananchi wote. Akauliza najuaje. Nikasema nahisi. Akauliza ubao usipokuwepo kesho, nani atapungukiwa na nini. Nikamwuliza kama angependa chai.

Alipoona nimekwama akanionea huruma, akasema si ajabu, mahali pengi ni hivyohivyo. Alisema hakuna anayelishukuru bomba likitoa maji, lakini siku likikauka mtaa mzima utalisema. Ukitaka kujua kitu kinawafaa watu, subiri siku kitakapoharibika.

Akaondoka. Mimi nikabaki nimesimama katikati ya chumba. Mwanga mkubwa uliniingia kichwani!

Kwa nini nisubiri? Nitakiharibu mwenyewe! Nitaandika kosa moja dogo ubaoni. Kama watu wanautumia ubao, watalowa. Wakilowa watalalamika. Wakilalamika, mtathmini atasikia. Kelele zao ndizo zitakazoniokoa na stoo. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Niliwaza pia usalama, mimi si mnyama. Kati ya neno moja na jirani yake hafi mtu, hulowa nguo tu.

Jioni niliingia mtoni. Maji yalinifika pajani, paja halisi, kama juzi na jana. Nikarudi, nikapanda kiti, nikaandika kwa herufi kubwa: GOTI.

Ni uongo wangu wa kwanza katika sayansi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi naenda mpaka hapo mbele tu.

Fundi viatu aliusoma, akasema vizuri, maji yamepungua. Cheka, baba. Kesho utaona.

Alhamisi, 6 Machi

Wamekuja! Wamekuja kweli! Hata sijamaliza kufungua dirisha nilisikia zogo getini. Moyo ulinipanda kwa furaha. Nikavaa koti, nikatoka nikiwa nimeandaa sura ya majuto.

Wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu. Suruali imelowa, viatu vinatoa maji kila akikanyaga. Alifoka kwamba ubao wangu uliandika goti. Nikasema ndiyo. Akasema basi yeye ameingia kivukoni kwa kuuamini, na maji yakamfika gotini.

Nikasubiri aendelee. Hakuendelea. Hayo ndiyo yalikuwa malalamiko yenyewe!

Nikamuuliza kwa upole kama hakumaanisha paja. Akasema paja la nani? Goti! Akanionyesha mstari wa maji kwenye suruali. Kweli ulikuwa gotini. Ubao unasema goti, maji ni ya goti, na mwalimu mkuu amekasirika. Sasa alitaka nini?

Akaja nesi. Sare imelowa, na zahanati imechelewa kufunguliwa. Naye: mmeandika goti na maji yakawa ya goti, hamna haya? Akaja muuza mboga, michicha yake ikichuruzika. Akasema ubao huu haujawahi kumdanganya hata siku moja, leo ndiyo mara ya kwanza. Nikamuuliza umemdanganyaje. Akasema kwa kusema goti! Akawashangaa wenzake kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Nilimkagua kila mmoja. Wote wamelowa hadi gotini, hakuna aliyelowa hadi pajani. Nikaanza kuingiwa na baridi. Nikakimbia hadi kivukoni, nikavua viatu, nikaingia. Maji yalifika wapi? Pajani! Paja kamili, kama nilivyopima!

Kwa hiyo wanasema uongo. Mji mzima umekubaliana kulowa hadi magotini. Huenda walimwagiana ndoo. Na nani hapa kituoni anajua kupanga watu na maji? Nani kazi yake ni kumwagia watu maji kutoka juu?

Nilirudi nikiwa na hasira. Mtathmini alikuwa tayari getini anawasikiliza, kalamu mkononi, akitikisa kichwa pale wanapotikisa. Sikuweza kujizuia. Mbele yake nikamuuliza mwalimu mkuu ametumwa na nani, na ameahidiwa nini. Nikamwambia nesi kwamba neno lao la siri nalijua. Nikawaambia wote watawanyike.

Mwalimu mkuu aliduwaa. Akasema miaka yote hiyo amekuwa akinisifu kwa watoto darasani, kuwa kuna bwana mmoja huingia mtoni kila jioni ili wao wavuke salama. Akavaa kiatu kimoja, akasahau kufunga kamba, akaondoka.

Ilinichoma kidogo. Lakini waigizaji wazuri ndivyo walivyo.

Baadaye nilitulia, nikaelewa nilichokifanya. Nilitaka watu walalamike. Walilalamika. Nikawafukuza! Mbele ya mtathmini! Stoo ya chini ya ngazi ina harufu ya panya, nimeshaikagua. Mlango wake tu ndio unaonipendeza: kila mtu huinama akiingia, isipokuwa mimi.

Jioni niliandika ukweli: PAJA. Yaliyobaki namwachia Mungu.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi hakuna aliyelalamika. Waliutazama ubao, wakashusha moja yao, wakavuka, wakafika wakavu. Hata salamu hawakunipa.

Nimeamua kukata mzizi wa fitina. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kiko chumba cha jirani. Niliposikia mtathmini ana miadi na Bi Mawingu mchana, nilitangulia. Nikaingia chini ya meza yake. Meza si kubwa, lakini nilienea vizuri, hata nafasi ya kukunjua miguu ilibaki.

Wakaja. Mtathmini akauliza kuhusu mvua. Bi Mawingu akasema ukweli mtupu, nilishangaa: watu wanaipenda sauti yake, lakini wakitaka kujua kama mvua itanyesha hutoka nje kutazama juu. Kisha akasema jambo la ajabu zaidi. Alimwomba mtathmini asikifunge kitengo cha mto. Yeye mwenyewe kila Jumamosi huvuka kwenda kumwogesha mama yake aliyepooza, na hathubutu kutoka nyumbani bila kusoma ubao wangu. Akasema watu wa mji huu hushusha moja, ila yeye, kwa mwili aliopewa na Mungu, hushusha mbili.

Mtathmini akacheka taratibu, akasema sasa ameelewa.

Ameelewa nini? Mimi sikuelewa kitu. Hushusha mbili! Kumbe ana cheo cha juu zaidi katika njama hii!

Na hayo mengine, ya kuniombea? Nilifikiri sana pale chini. Adui haombei adui. Kwa hiyo alijua nipo chini ya meza. Alisema vile ili nilainike. Nilikuwa bado nafikiri hivyo mtathmini alipotoka, na hapo vumbi likaniingia puani. Nikapiga chafya.

Kisha mkono mrefu ukashuka pembeni ya meza na kunisogezea kopo la chaki. Sauti nyororo ikasema kuanzia leo ataliweka hapa chini, ameona kile kiti changu kinanitesa, na jana alijaribu kukigonga msumari.

Nilitambaa hadi mlangoni na kopo langu. Nimezikagua chaki zote. Zinaonekana za kawaida. Ndiyo inayonitia wasiwasi.

Jioni: PAJA.

Jumamosi, 8 Machi

Mgeni nyumbani! Mtathmini alibisha hodi asubuhi akiwa na utepe wa fundi cherehani shingoni. Aliomba radhi, akasema ana ombi dogo la kikazi: anaweza kunipima? Kutoka ardhini hadi kifundo, hadi goti, hadi paja, hadi kiuno.

Nilisimama wima. Nilivuta pumzi. Alipopima goti aliangalia utepe mara ya pili. Alipopima kiuno akamtazama mke wangu, na mke wangu akatazama dari.

Ni sare! Lazima ni sare. Makao makuu hayawezi kumpima hadi kiuno mtu wanayetaka kumtupa stoo. Nilimwomba amwambie fundi asizidishe urefu wa mikono, wa hapa wote wana ugonjwa huo. Akaahidi kulifikisha.

Kisha wakaingia jikoni wawili wao kunywa chai. Nilisikia kicheko kirefu, halafu mke wangu akisema kwa sauti ya chini kwamba kicheko ni kicheko, lakini mtu huyu hajawahi kukosa kwenda mtoni hata siku ya harusi ya dada yake, hata akiwa na homa, na wakimwondoa kwenye ule mto atamfia mikononi.

Nilijifanya natafuta soksi. Macho yalikuwa yanawasha. Pilipili, nadhani.

Lakini kwa nini waliongea jikoni na si sebuleni?

Jumatatu, 10 Machi

Nimeketi kwanza ndipo niandike.

Mkuu alituita saa nne. Mtathmini alikuwepo, na mwalimu mkuu pia, kaalikwa kwa niaba ya wananchi. Hakunitazama. Niliitazama ngazi kupitia mlango, na kile kimlango cha chini yake.

Mtathmini alisema kupima manufaa ni kazi ngumu, maana mwamba ngoma huvutia kwake, na kila mwenye taarifa huona yake ndiyo inayolisha mji. Kwa hiyo yeye haulizi watu wanapenda nini. Anaangalia wanafanya nini. Taarifa ya mvua watu wanaipenda, wanaisikiliza, kisha wanafanya walichotaka kufanya. Ubao wa mto hakuna anayeusifu wala kuushukuru. Lakini Alhamisi uliposogea neno moja tu, shule ilichelewa, zahanati ilichelewa, mboga zilikwenda na maji. Hajawahi kuona taarifa iliyoingia hivyo katika miguu ya watu.

Katika miguu ya watu! Maneno yake hayo!

Akaendelea kueleza jambo la kitaalamu. Alisema taarifa si lazima ilingane na kila mtu, mradi tofauti yake haibadiliki. Mizani ikipunja kila siku kiasi kilekile, mteja huzoea na kujua cha kuongeza. Ubao huu una tofauti, nayo mji mzima unaijua na kuifanyia hesabu. Ni wanafunzi wa darasa la pili tu waliomwambia kuwa wao hawafanyi hesabu yoyote, wanausoma ulivyo.

Hapo Bi Mawingu alikohoa. Mkuu alitazama kiatu chake. Nadhani walikuwa hawafuati. Mimi niliitikia kwa kichwa kila sentensi, kwa sababu nilikuwa nafuata.

Hukumu: kitengo cha mto kisifungwe. Afisa wake asihamishwe, kwa hali yoyote ile. Hata nguzo mpya ikija isisimamishwe mpaka ipakwe alama zinazolingana naye. Apime mtu yuleyule, mahali palepale, kwa miguu mitupu kama alivyozoea, asibadilishe kitu. Bi Mawingu naye asiende stoo; utabiri wake uandikwe chini ya kina changu, ubao uwe mmoja.

Mtathmini akanigeukia, akauliza Alhamisi ilitokea nini. Nikasema lilikuwa jaribio la kisayansi. Akaniomba, akitilia mkazo, nisirudie. Nisibadilishe kitu. Mkuu akaongeza kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikaapa.

Mwalimu mkuu alisimama akanipa mkono. Akasema yaliyopita yamepita, na Jumatano darasa la pili litakuja kunitazama nikipima. Niliushika mkono wake kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida.

Nimeshinda! Kipimo changu hakibadiliki, wamesema wenyewe, mbele ya mashahidi. Mke wangu amenikumbatia. Kidevu chake kilikaa vizuri juu ya kichwa changu, kama siku zote.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi nilijitazama kwa jicho la afisa mwenye mafanikio. Nikaona aibu. Miguu mitupu! Mtu wa sayansi anaingia mtoni kama anayekwenda kuoga! Na kesho darasa zima linakuja kunitazama!

Nikaenda dukani kwa shemeji, kaka yake mke wangu, anayeuza viatu. Akanitolea mabuti ya mpira yaliyokaa muda mrefu bila mteja. Mabuti gani! Soli nene kama tofali, kisigino juu yake, na ndani shemeji akanitilia pedi mbili ili yanikae. Nilipoyavaa kichwa changu kiligonga taa ya duka. Haijawahi kunitokea. Upepo wa huko juu ni tofauti.

Nimeapa nisibadilishe kitu, na sijabadilisha. Mtu yuleyule, mahali palepale. Viatu si kitu, ni vazi.

Ofisini nilizirudisha chaki kwenye rafu ya juu, nikazichukua tena bila kiti, mara kadhaa, Bi Mawingu akiona. Alionekana kuingiwa na hofu. Aliniuliza kama nina mpango wa kwenda na mabuti hayo mtoni. Wivu huo! Nikamwambia ashughulike na mawingu yake.

Na mawingu yake yamemshinda. Jana redio ilisema mvua kubwa huko juu mlimani. Kweli ilinyesha usiku kucha kuamkia leo, mpaka bati zikaimba. Lakini jioni nilipoingia mtoni na mabuti yangu, maji yalinifika wapi? Pajani kama jana? Hapana. Gotini! Mvua yote ile, na mto umeshuka! Sijui watu wanasikiliza redio ya nini.

Nikaandika: GOTI. Herufi kubwa, na mstari chini yake. Chini yake Bi Mawingu aliandika maneno yake kuhusu mvua. Nikayafuta kidogo kwa kiwiko, bahati mbaya.

Mtathmini alipita kuaga. Kesho alfajiri anavuka na sanduku lake, na kompyuta yenye kazi yake yote kaifunga kwenye kitambaa. Alikuwa anaharakisha, hakunitazama miguuni. Aliniuliza kama akunje suruali. Nikamwambia kwa unyenyekevu, maana ukubwa ni unyenyekevu, kuwa majibu yako ubaoni.

Akausoma. Uso ukamwangaza. Kisha, mbele yangu, bila hata kunong'ona, akamwambia fundi viatu: goti, shusha moja! Na wote wawili wakacheka, akasema basi hata viatu vyake vizuri hatavivua.

Hata yeye! Binti mpole vile, kumbe yumo! Ndiyo maana alinipima. Ndiyo maana jikoni na si sebuleni.

Lakini wamemkuta mtu. Kesho alfajiri nitakuwa kivukoni kabla yake, kwenye majani, na mabuti yangu. Nataka nione akifika katikati ya mto atampigia nani kelele.